Gari inavuma kama mashine ya kusaga: tuielewe beringi ya tairi kwa sikio kabla ya kununua spea

#1 DerevaWaJioni

Wakuu, salaam.

Naleta huu uzi nikiwa nimeshapigwa. Sitaki mwingine apigwe kwa njia ileile.

Nina IST ya cc 1300, ya kuvuta mbele. Mwezi wa tatu nikitoka Morogoro kurudi Dar, ukishaiacha Chalinze pale lami inaponyooka, nikasikia kitu. Hakikuanzia masikioni, kilianzia miguuni. Sakafu ilikuwa inatetema chini ya kapeti. Nikazima redio, nikapandisha vioo, nikazima feni. Vuuuuu. Mzito, mfululizo, kama ile mashine ya kusaga ya mtaa wa pili ambayo ukilala mchana unaisikia ukutani. Nikishuka 40 unapotea. 60 unaanza. 80 umepanda. Nikigusa 100, mke wangu hapo pembeni anapaaza sauti ndiyo tusikilizane.

Nikaenda kwa fundi wangu. Akaendesha mita kama mia tatu kwenye vumbi la mtaani, spidi haikufika hata 30, akashuka akasema beringi ya mbele kushoto (ile ringi ya chuma yenye gololi ndani, ndiyo inaifanya tairi izunguke kwa wepesi). Nikamuuliza umejuaje? "Hili ni sikio la fundi, bosi." Nikalipa beringi, nikalipa presi (mashine ya kuishindilia), nikalipa ufundi. Kesho yake nafika Kibaha mvumo uko palepale. Akasema basi ni ya kulia, hizi huwa zinakufa pamoja. Nikalipa tena. Mvumo haujapungua hata nukta. Akageukia tairi, eti nizibadilishe zote nne. Hapo nikachukua ufunguo wangu nikaondoka.

Iliyokufa ilikuwa ya NYUMA KULIA. Ile ambayo hakuna aliyeigusa.

Sasa nawaeleza nilivyoipata, maana niliipata mwenyewe, na mimi si fundi, ni mwalimu.

Jambo la kwanza nililofanya ni kuitenganisha injini na tairi. Asubuhi ya Jumapili barabara ikiwa tupu, nikapanda hadi 80, nikaachia mafuta, nikatupa nyutro. (Injini usiizime, jamani. Ukizima, usukani na breki vinakuwa vizito ghafla.) Injini ikashuka sailensa (mzunguko wa chini kabisa), mvumo ukabaki vilevile, ukashuka polepole kadiri gari ilivyopoteza mwendo. Kumbe mvumo haufuati injini, unafuata mzunguko wa tairi. Ungekata palepale nilipotupa nyutro, ningetafuta kwenye injini au mahali pengine.

Halafu usukani. Kwenye 70 hivi, barabara pana, hakuna mtu nyuma, nikayumbisha gari taratibu kushoto, kisha kulia, kama mtu anayekwepa mashimo. Ukikata kushoto, mwili wa gari unalalia kulia, kwa hiyo beringi za kulia zinabeba mzigo zaidi. Mimi nikikata kushoto mvumo unakuwa "VUUUU", nikikata kulia unakuwa "vuu" kama mtu kafunga mlango. Kwa hiyo mbovu ni kulia. Hapo nikakumbuka kwamba hela yangu ya kwanza ilikwenda kushoto.

Lakini kulia kuna mbili. Usukani haukuambii ni mbele au nyuma. Basi nikampa mdogo wangu aendeshe, mimi nikalala siti ya nyuma kama mgonjwa anayepelekwa rufaa, sikio nikalibana kwenye siti juu ya tairi ya kulia. Nikahamia kushoto. Nikarudi kulia. Nikaenda mbele nikainama miguuni kwa abiria. Nyuma kulia ndiko kulikokuwa kunanguruma hadi meno yanawasha.

Mwisho ni jeki. Tairi za mbele nimeziwekea mawe, gia iko P, handbreki nimeachia (ukiiacha imevutwa tairi ya nyuma haitazunguka, utalaumu beringi bure), na chini nimeweka stendi kwa sababu jeki peke yake siiamini hata kwa dakika moja. Nikaizungusha tairi kwa mkono wa kulia, wa kushoto nikaushikisha springi. Ile ya kushoto ilizunguka kimya, springi imelala kama jiwe. Ya kulia, springi ilikuwa inatetema kiganjani kama simu inayoita kimyakimya. Sikuhitaji sikio tena.

Habu, kile kitovu kinachofungiwa rimu, ilipofunguliwa (kwa IST ya kuvuta mbele, ya nyuma ni habu nzima na beringi yake, nati nne, haihitaji presi) niliishika mkononi nikaizungusha: kere-kere-kere, kama inasaga mchanga. Grisi imekuwa na rangi ya chai ya maziwa. Masika iliyopita nilivuka maji Jangwani, yakafika katikati ya rimu. Deni lake nikalilipa miezi mingi baadaye.

Karibuni. Wenye ujuzi mnirekebishe.

#2 Kiti Cha Mbele

Nimeweka kambi. Probox yangu inavuma mwezi wa pili huu, kila siku nazitukana tairi.

#3 FundiNgaramtoni

Mwalimu, umefanya kazi kuliko mafundi wengi ninaowajua. Niongeze na nikupinge kidogo.

Mimi niko Arusha, kazi yangu kubwa ni Land Cruiser za watalii. Gari inarudi kutoka Serengeti imekula rafu rodi siku sita, zile barabara zenye mawimbi kama bati. Nasikiliza beringi kila wiki, naomba mniamini katika hili moja: jaribio la usukani linadanganya. Si mara zote, lakini linadanganya.

Sababu yake ni hii. Gari ndogo nyingi za siku hizi, beringi moja ya tairi ina safu MBILI za gololi, ya nje na ya ndani. Ukikata kona, mzigo haupandi tu, unahama pia kutoka safu moja kwenda nyingine. Iliyoliwa inaweza kuwa ile safu inayobebeshwa gari ikilala upande wa pili. Basi unakata kushoto, mvumo unapanda, unaapa ni kulia, kumbe ni kushoto. Kwangu usukani ni shahidi wa kwanza tu, hukumu naitoa kwenye jeki.

Na kwenye jeki msiishie kutikisa tairi saa 12 na saa 6 mkaona haichezi mkasema beringi nzima. Hili ndilo kosa la kila siku. Beringi inaanza kuvuma muda mrefu kabla haijacheza. Ikishacheza umechelewa. Kutikisa kunakupa habari nyingine: ikicheza saa 12 na 6, beringi au boljointi (kiungo cha mguu wa tairi), ikicheza saa 3 na 9 peke yake, angalia tairodi (fimbo ya usukani) kwanza. Na ukitaka kutofautisha, mwambie mtu akanyage breki wakati unatikisa. Mchezo ukipotea, ni beringi. Ukibaki, nenda kwenye boljointi na bushi (raba za viungo).

Kitu kingine ambacho mwalimu hakukigusa ni aina ya sauti, na huko ndiko pesa za watu zinakopotelea:

Mvumo wa mfululizo unaopanda na spidi, beringi au tairi.

"Ka-ka-ka-ka" ukikunja kona kali huku unaongeza mafuta, sivijointi (kiungo cha shafti inayozungusha tairi). Beringi haina hiyo sauti.

"Uuuuiiii" mwembamba unaobadilika ukikanyaga mafuta na ukiachia, difu (gia za kwenye ekseli). Cruiser zangu hizo ndizo zinawachanganya vijana. Beringi ya tairi haijali umekanyaga mafuta au umeachia, yenyewe inajali spidi na mzigo tu.

"Kwaruuu" ya bati iliyoanza leo baada ya kupita njia ya kokoto: usifungue chochote. Jiwe limeingia kati ya diski na lile bati la nyuma yake. Rudi rivasi mita chache, mara nyingi linadondoka lenyewe. Nimeshaletewa gari kutoka Karatu, mwenyewe amekwisha nunua beringi mbili ziko kwenye boksi, nikatoa kijiwe cha ukubwa wa harage.

#4 MtuWaKongowea

Hamjambo ndugu zangu, mimi naandika kutoka Mombasa. Nimeendesha matatu miaka kumi na nne kabla sijastaafu mgongo.

Fundi hapo juu ameongea ukweli, ila mmesahau sisi wa gari za zamani. Hiace zile zilizotangulia hizi za boksi, beringi ya mbele si ya kununua habu nzima. Ni rola, zile zilizochongoka kama koni, moja ya nje moja ya ndani, na unaikaza mwenyewe kwa nati. Hiyo unaisikiliza tofauti. Ikilegea haivumi kwanza, inagonga, na usukani unaelea kama uko juu ya maji. Ikikazwa kupita kiasi ndiyo inavuma, halafu inaungua.

Tulikuwa tukimaliza trip ya Malindi, kabla abiria wa pili hajashuka, nazunguka gari naweka kiganja kwenye habu kila upande. Kiganja tu. Zikiwa vuguvugu sawa, twende. Moja ikiwa ya moto huwezi kuivumilia, iko na neno. Neno lenyewe ni beringi au breki iliyogoma kuachia, na utajua kwa pua: breki inanuka kama kitambaa kilichoungua, beringi inanuka grisi iliyopikwa.

Kukaza kwake: unakaza nati huku unazungusha habu ili rola zikae, unailegeza, kisha unakaza tena kidogo tu mpaka mchezo uishe na habu izunguke bila kulalamika. Unatia pini. Ile pini msirudishe ya zamani, bei yake haifiki hata ya kikombe cha kahawa.

Na sili mpya, bwana, ile raba inayozuia grisi isitoke na maji yasiingie. Watu wanabadilisha beringi wanarudisha sili kuukuu. Ni kama kuoga ukavaa shati lilelile.

#5 Mjomba Tela

Porojo nyingi. Mvumo ukianza badilisha zote nne, lala usingizi. Hela mnazotumia kwenda na kurudi kwa fundi zinatosha.

#6 DerevaWaJioni

Mjomba, mimi nilishabadilisha mbili zilizokuwa nzima. Kwa ushauri wako ningekuwa nimebadilisha tatu nzima ili niipate moja mbovu.

#7 FundiNgaramtoni

@Mjomba Tela kuna ubaya zaidi ya hela. Beringi ya kushindilia, kama ile ya mbele ya IST, kila unapoitoa unaiua, hairudi. Na ukiweka mpya kwa nyundo unaiua kabla haijatembea. Nimeona kwa macho yangu: kijana kaweka kipande cha bomba juu ya beringi, anagonga, jirani anamshangilia. Ukiiingiza kwenye nako (kile chuma kinachoishikilia beringi), nguvu inatakiwa ikae kwenye ringi ya NJE tu. Ukiingiza habu, ringi ya NDANI iwe imeegemezwa kwa chini. Ukikosea, nguvu yote inapita kwenye gololi, zinaacha vidonda kwenye njia yake, vidogo hata huvioni. Gari inatoka gereji kimya, baada ya wiki chache inaanza kuvuma, na mwenye gari anasema "nimeuziwa feki".

Na nyingine: gari isishushwe chini ikabeba uzito wake kabla nati kubwa ya shafti haijakazwa. Ile nati ndiyo inazishika ringi mbili za ndani pamoja. Gari ndogo nyingi za Toyota inataka newton mita 200 na ushee, angalia kitabu cha gari yako. Kwa spana ya mkono na mguu wa kijana mwembamba hufiki huko.

#8 Namba Kavu

Ngoja niwapigie hesabu kwa nini beringi inavuma na si kugonga. Mimi ni mtu wa mitambo ya kiwandani, beringi nazisikiliza kwa mshahara.

Chukua tairi ya Vitz, 175/65 R14. Mzingo wake ni kama mita 1.83. Ukiwa 80 unasafiri mita 22 kwa sekunde, maana yake tairi inazunguka mara 12 kila sekunde. Kitu kinachotokea mara moja kwa kila mzunguko, tairi isiyo na balansi kwa mfano, utakisikia kama mtikisiko, mara 12 kwa sekunde, usukani unatetemeka mikononi.

Sasa ringi ya beringi ikibanduka kigamba kidogo cha chuma, kila gololi inayopita juu yake inakigonga. Gololi ziko nyingi, kwa hiyo katika mzunguko mmoja unapata mapigo kadhaa, si moja. Kwa spidi hiyo inafika mapigo 60, 70, 80 kwa sekunde. Sikio haliwezi tena kuyahesabu, linayasikia yameungana kuwa sauti moja nene. Ndiyo hiyo mashine ya kusaga ya mwalimu. Ongeza spidi, mapigo yanakaribiana, sauti inapanda.

Kwa wanaopenda hesabu za safari: Dar hadi Dodoma, kama kilomita 450, kila tairi imezunguka zaidi ya mara laki mbili na elfu arobaini. Kigamba hakibaki kigamba kwa safari mbili.

Kiwandani fundi asiye na kifaa anachukua bisibisi ndefu, ncha inagusa kasha la beringi, mpini unagusa mfupa wa mbele ya sikio. Kwenye gari iliyoko kwenye stendi, tairi ikizungushwa kwa mkono, gusa nako kwa bisibisi. Nzima inasema "shhhh". Mbovu inasema kama karanga zinakaangwa. Ila TAFADHALI, asiwepo mtu anayezungusha tairi kwa injini wakati kichwa chako kiko mle ndani. Nywele, kofia, mtandio, vyote vinashikwa.

#9 BintiSegera

Naomba msinicheke. Yangu Raum inavuma, lakini SI barabara zote. Segera kwenda Tanga haivumi sana, nikiingia vipande fulani vya lami ya kokoto inavuma kama ndege. Na nikikata kushoto au kulia hakuna tofauti. Fundi kasema beringi zote mbili za nyuma. Nilipe?

#10 DerevaWaJioni

Dada usilipe bado. Mvumo unaobadilika na aina ya lami mara nyingi ni tairi. Beringi haijui barabara, lami laini au ya kokoto kwake ni sawasawa, labda tu usikie kwa shida kwenye kokoto kwa sababu kelele nyingine zimeifunika.

Fanya hivi. Gari imesimama, pitisha kiganja juu ya uso wa tairi ya nyuma, kutoka mbele kwenda nyuma. Halafu rudisha kinyume. Kama njia moja ni laini na nyingine inakukwaruza kama unampapasa samaki kinyume cha magamba, tairi imechongeka meno ya msumeno. Hiyo inavuma sawasawa na beringi, na imeshawadanganya mafundi wakubwa.

#11 FundiNgaramtoni

Naunga mkono. Na jaribio la bure kabisa: hamisha tairi za nyuma ziende mbele, za mbele nyuma, upande uleule. Nati za rimu kaza kwa msalaba. Tembea njia ileile. Mvumo ukihamia mbele au ukibadilika sauti, ni tairi. Ukibaki ulipokuwa, sasa zungumza habari za beringi.

Tairi zikiwa zimeliwa mabonde mabonde, usinunue mpya ukaishia hapo. Shokapu iliyokufa ndiyo inairuhusu tairi idunde na kujila vipande. Mpya zitaliwa vilevile.

#12 Kiti Cha Mbele

Swali la kijinga: beringi ikivuma naweza kwenda nayo Mwanza na kurudi?

#13 MtuWaKongowea

Unaweza kwenda. Kurudi ni habari nyingine.

#14 Namba Kavu

Haha. Lakini jibu la kweli: mvumo peke yake, tairi haichezi, habu haichemki, mara nyingi una muda wa kujipanga, lakini si muda wa kusahau, wala si muda wa safari ya siku nzima. Dalili za kusimamisha gari ni hizi: tairi inacheza ukiitikisa, mvumo umegeuka kuwa msago wa chuma, habu ni ya moto kuliko wenzake, au taa ya ABS (mfumo wa kuzuia tairi zisijifunge ukifunga breki) imeanza kuwaka bila mpangilio kwa sababu habu inayumba mbele ya sensa. Nyingine watu hawaihusishi: breki inashuka sana pigo la kwanza, pigo la pili iko juu. Diski inayumba na kuzisukuma pedi nyuma. Hapo ita gari ya kuvuta. Beringi ikifika mwisho inaweza kujifunga au kuachia tairi, na spidi utakayokuwa nayo siku hiyo hutaichagua wewe.

#15 PesaYaSpea

Wakuu na upande wa kununua je? Kuna ya boksi, kuna used ya Japani, kuna ya bei ya chipsi.

#16 DerevaWaJioni

Nilichojifunza baada ya kulipa mara tatu:

Ya boksi, fungua boksi palepale dukani. Jina lililopakwa rangi kwenye karatasi halina maana kama kwenye ringi yenyewe hakuna maandishi yaliyochongwa safi, jina na namba. Koyo, NSK, NTN, SKF wanachonga namba kwenye chuma. Namba ya kwenye boksi na ya kwenye chuma zifanane. Nimeshikishwa beringi ambayo chuma chake kilikuwa hakina hata herufi moja, nikaambiwa "hii ni orijino ya kimya".

Used, mimi sipendi kwa beringi ya kushindilia, maana imeshachomolewa mara moja. Habu nzima ya nyuma used naweza kuivumilia, lakini ninaizungusha nikiwa nimeiweka sikioni hapohapo mbele ya muuzaji, na siangalii wanaonicheka. Naizungusha polepole. Ukizungusha kwa kasi inakudanganya, polepole ndiyo unasikia kama kuna mahali inakwama. Halafu naipapasa sili kuona kama grisi imetoka.

Na kama gari yako ina ABS, uliza mapema. Kwenye habu ya nyuma ya IST yenye ABS waya wa sensa unachomekwa kwenye habu yenyewe, ukinunua isiyo na sensa umenunua uzito wa kushikia mlango.

#17 FundiNgaramtoni

Hapo kwenye ABS niongeze moja, imeniumiza mwenyewe. Baadhi ya beringi za kushindilia upande mmoja una sumaku iliyofichwa kwenye sili, ndiyo sensa inaisoma. Kwa macho pande zote mbili zinafanana kabisa. Ukiiingiza kinyume, gari inatembea vizuri, kimya, taa ya ABS imewaka, na hakuna dawa ila kuichomoa. Kuichomoa ni kuiua. Nilinunua nyingine kwa hela yangu. Tangu siku hiyo kwenye mfuko wa ovaroli nina pini ya karatasi: naigusisha kila upande, upande unaoivuta pini ndio unaoelekea sensa.

#18 Mjomba Tela

Hiyo ya pini sikuijua. Haya, naondoa neno langu la zote nne. Nabaki na mbili.

#19 BintiSegera

Mrejesho wakuu. Nimepapasa tairi. Kweli kabisa, ni samaki! Ya nyuma kushoto ndiyo mbaya zaidi. Fundi wa pancha amezihamishia mbele, leo nimetoka Tanga hadi Muheza, mvumo umehamia mbele na usukani sasa unatetema kidogo. Beringi sijanunua. Nimemwambia fundi wangu, amekasirika.

#20 DerevaWaJioni

Atapoa. Shokapu za nyuma ulizibonyeza?

#21 BintiSegera

Nimekalia buti nikashuka. Gari imecheza mara nne ndipo ikatulia. Jumamosi naenda kuzibadilisha.

#22 Kiti Cha Mbele

Na mimi mrejesho. Probox yangu: nyutro, mvumo umebaki. Nikikata kulia unapanda. Nikashuku kushoto. Jeki, springi ya mbele kushoto inatetema, kulia kimya. Fundi kafungua mbele yangu, kapeleka presi, nimesimama juu yake kama mwenye nyumba anayehesabu mabati. Beringi ya zamani niko nayo hapa mezani, mwanangu anaizungusha inalia kere-kere, mama yake ameshaiomba itoke sebuleni.

Mvumo umeisha kabisa wakuu, nimetoka Mbezi hadi Kibaha kimya. Sasa kwa huo ukimya ndiyo nimegundua kuna kitu kinagonga ndani ya dashibodi. Nifungue uzi mpya?

#23 MtuWaKongowea

Fungua. Lakini kwanza toa chaji ya simu na zile chupa za maji kwenye lile droo, uendeshe tena.

#24 Kiti Cha Mbele

Ilikuwa spana ya fundi.